Glavu moja baharini: kisa cha alasiri ya Novemba, Klitmøller

Niliivua glavu ya kulia kwa meno. Hilo ndilo tendo lenyewe. Mengine yote ya kisa hiki ama yalilitangulia au yalilifuata. Nilikuwa nimekaa juu ya ubao wa tanga, ule wa kuteleza majini kwa upepo (windsurfing), kiasi cha mita mia nne kutoka ufukweni, katika Bahari ya Kaskazini, mwisho wa Novemba, maji yakiwa nyuzi 8. Mikono ilikuwa imekakamaa kutoka viganjani hadi viwikoni kama kamba mbichi iliyokaushwa na jua. Glavu zenyewe zilikuwa za mpira mnene, milimita 5. Niliamini kuwa glavu ndizo zinazonichosha, na wala sikukosea. Nikavua moja. Kabla sijaitia kifuani, wimbi likaja likaondoka nayo. Dakika kumi baadaye nilikuwa mtu wa mkono mmoja.

Sikufa, wala hakuna aliyelazwa hospitali. Ndiyo maana naweza kukichambua kisa hiki bila kumuudhi mtu ila shemeji yangu, ambaye mpaka leo tunabishana kosa lilikuwa wapi. Nakiandika kwa ajili ya vijana wa pwani walioko Ulaya, waliokulia kwenye mbao za hoteli za Mombasa au kaiti za Paje, Zanzibar, ambao huniuliza kama mchezo wetu unachezeka huko kwenye baridi. Unachezeka, tena vizuri sana. Shida ni kwamba anayeijua bahari moja barabara huingia nyingine akiwa amejaa uhakika, na mimi siku ile nilikuwa nimejaa pomoni.

Mahali

Klitmøller ni kijiji cha watu elfu moja hivi, kaskazini-magharibi mwa Jutland, nchini Denmark, nyuzi 57 kaskazini ya ikweta. Jina lake linatokana na vinu vya kusagia nafaka na vilima vya mchanga. Zamani vyombo vyake vilipakia nafaka kupeleka Norwe na kurudi na mbao, biashara ambayo mtu wa Lamu aliyezoea habari za boriti na Arabuni angeielewa bila kuelezwa. Bandari hakina. Mashua zilivutwa juu ya mchanga, na hadi leo utaziona chache pale ufukweni, zikipandishwa kwa winchi. Bandari ya Hanstholm, kilomita kumi na kitu kuelekea kaskazini-mashariki, ilipofunguliwa mwaka 1967, wavuvi wengi walihamia huko na kijiji kikabaki kinasinzia.

Waliokiamsha walikuwa vijana wenye mbao za tanga, wengi wao kutoka Ujerumani, waliokuja na magari yao ya kulala katika miaka ya 1980. Wenyeji hawakuwafurahia. Palikuwa na ugomvi wa nyavu, wa maegesho, wa watu kuvua nguo hadharani. Ulichukua miaka kupoa. Baadaye wapanda mawimbi wenyewe waliandaa mpango na kuufikisha kwa manispaa ya Thisted, wakaainisha maeneo 29 ya mchezo kati ya Agger na Hanstholm, na mwaka 2010 mashindano ya kombe la dunia ya mbao za tanga yakafika kijijini. Ukanda mzima sasa unaitwa Cold Hawaii, yaani Hawaii ya baridi. Ni jina la biashara, na limefanya kazi yake, ingawa kwa maoni yangu linamdanganya mgeni: humfanya aweke akili kwenye neno la pili na kulisahau la kwanza.

Kwa kisa hiki, kubwa la kujua ni jinsi ufuko ulivyokaa. Pale kijijini nchi kavu inaitazama bahari kwa upande wa kaskazini-magharibi. Kwa hiyo upepo wa kusini-magharibi, ambao ndio wa kawaida, hukujia ubavu wa kushoto ukiwa umeielekea bahari. Hauji nchi kavu wala hauendi baharini, unafuata ufuko tu. Mkondo wa maji nao hufuata njia hiyo hiyo, kuelekea Hanstholm.

Sasa linganisha na Bamburi, pwani ya Mombasa, nilikojifunzia, kwenye hoteli ambayo mjomba wangu alikuwa akifanya kazi za ufukweni. Pale kuna mwamba mbali kidogo, na ndani ya mwamba maji yametulia. Kusi ikivuma, inakusukuma ufukweni kimshazari. Kaskazi nayo ni hivyo hivyo. Ukiharibikiwa, unakaa juu ya ubao unaimba, na baada ya muda unagusa mchanga. Maji yakiwa yametoka unateremka unatembea kwa miguu, ukiangalia usikanyage shokoa wenye miiba. Miaka ishirini ya namna hiyo ilikuwa imeniwekea akilini sheria ambayo sikujua kuwa ninayo: kwamba upepo hukurudisha nyumbani.

Tena kuna suala la maji kujaa na kutoka. Kwetu wakati wa bamvua tofauti hufika kama mita nne, na mtu wa pwani hupanga siku yake kwa hilo. Klitmøller haifiki hata nusu mita. Kinachopandisha na kushusha maji pale ni upepo. Nilipouliza maji yatatoka saa ngapi, shemeji alicheka.

Siku

Shemeji ni Mdenmark aliyeoa dada yangu. Alikaa Mombasa miaka kadhaa, Kiswahili anakijua, na mchezo huu anaucheza pale kijijini tangu ujanani. Asubuhi alinisomea utabiri. Wao hupima upepo kwa mita kwa sekunde, na sisi tumezoea fundo, yaani maili za baharini kwa saa. Zidisha kwa mbili upunguze kidogo. Utabiri ulisema kusini-magharibi mita 12, yaani kama fundo 23, na mikupuo, yaani upepo unaopiga kwa ghafla, ya mita 17. Hewa nyuzi 3. Mnamo saa tisa alasiri hewa baridi ingeingia kutoka baharini na kuisukuma ile ya vuguvugu, na upepo ungegeuka kuwa wa kaskazini-magharibi wenye mikupuo ya mita 20. Jua lingezama kabla ya saa kumi. Tukakubaliana tuingie saa saba na robo, tutoke saa nane na nusu. Kwenye karatasi hakuna aliyekosea.

Tukaenda kuegesha karibu na zile mashua. Mzee mmoja alikuwa anapaka grisi winchi yake. Alitutazama, akaitazama mbingu upande wa bahari, akamwambia shemeji maneno mafupi. Nikauliza amesema nini. "Anasema leo itawahi." Nikadhani ni porojo za wazee. Mjomba wangu alikuwa akisema maneno ya aina hiyo kila siku, nami kwake nilikuwa nikiyasikiliza.

Kwenye gari

Hapa nitakaa kidogo, maana mimi husema kisa kilikwisha hapa hapa, nikiwa bado nimevaa soksi.

La kwanza ni tanga. Shemeji alifunga la mita za mraba 4.2. Mimi nikachukua la 5.0. Ana kilo karibu sawa na zangu, na hilo peke yake lingetosha kunishtua, lakini nilikuwa na hesabu yangu: kwa fundo 23 kwetu ningepanda na 5.3 bila wasiwasi, kwa hiyo 5.0 tayari ni heshima kwa bahari ya watu. Alisema, "Shemeji, hilo ni kubwa." Nikamwambia nitalikaza. Kukaza kamba ya chini ya mlingoti hulilainisha tanga na kulifanya limwage upepo juu. Ni kweli, ila kuna mpaka.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba upepo wa baridi una uzito. Si methali, ni fizikia ya shule. Hewa ya nyuzi 3 ina msongamano unaozidi ule wa hewa ya nyuzi 29 kwa karibu sehemu moja katika kumi. Upepo wa kasi ile ile unalisukuma tanga kwa nguvu zaidi kwa kiasi hicho. Wapanda mbao wa kaskazini hulijua hili kwa mikono yao hata wasipolijua kwa hesabu. Wakija Bamburi wanashangaa kwa nini upepo wetu "hauna kitu". Mimi nilikuwa ninasafiri upande wa pili wa mshangao huo. Jingine ni kwamba nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi. Kutoka mita 12 hadi mkupuo wa 18 unaona ni nusu tu imezidi, lakini msukumo kwenye tanga umezidi zaidi ya mara mbili. Kwetu kusi ikikaza hukaza taratibu, ukaisoma majini kabla haijakufikia. Sikuwahi kulazimika kujali mikupuo.

La pili ni glavu. Watu wa Skandinavia wana msemo wao kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya. Basi nilijivika. Suti ya mpira ya milimita 6 kifuani na 5 miguuni na mikononi, kofia ya mpira iliyoungana nayo, viatu vya mpira vya milimita 7, na zile glavu nene zilizofunika kila kitu, nilizonunua mwenyewe kwa bei ya kuumiza. Shemeji alivaa glavu za ajabu, za kidole gumba tu, zilizokatwa kiganjani, ngozi ya mkono ikigusa upinde wa kushikia tanga moja kwa moja. Nikamwonea huruma.

Sababu yake nimekuja kuielewa baadaye. Upinde ule, tunaouita bumu, hushikwa kwa saa nzima. Ukivaa mpira mnene kiganjani, bumu linanenepa, na mpira wenyewe unapenda kunyooka. Kila sekunde misuli ya mkono inafanya kazi mbili: kushika bumu, na kuukunja mpira usifunguke. Ndani ya robo saa misuli imejaa na kukakamaa. Wenyeji huacha kiganja wazi na kufunika mgongo wa mkono, maana upepo ndio unaoupoza mgongo. Kabla ya kuingia hujaza glavu na viatu maji ya vuguvugu kutoka kwenye dumu. Wengine wana desturi ya kutoka mikono mitupu kwa dakika tano, kurudi, kuipasha mikono kwapani, kuumia mpaka kutoa machozi, kisha kwenda tena. Wanasema mikono ikishakufa na kufufuka mara moja haifi tena siku hiyo. Dumu lilikuwepo. Shemeji alinipa. Nikasema glavu zangu hazihitaji.

Majini

Dakika kumi na tano za kwanza zilikuwa tamu. Sitaki kuziruka, kwa sababu ndizo zinazowapeleka watu kule. Wimbi la pale limesafiri mbali, linakuja na mgongo mmoja mrefu, na likifika kwenye mawe ya chini ya maji pale Ørhage linainuka na kukuachia ukuta wa kijivu wa kuteremkia. Bamburi sijawahi kupata kitu kama hicho ndani ya mwamba. Tanga lilikuwa zito mkononi, lakini niliulaumu uvivu wangu. Nikapindua, nikaenda, nikapindua tena.

Baada ya hapo mikono ikaanza kufunga. Kwanza vidole vya mwisho, halafu kigasha chote cha mbele. Nilikuwa nimejifunga hanesi, ule mkanda wa kiunoni unaonaswa kwenye bumu, kwa hiyo kiuno ndicho kilichobeba tanga, lakini kwa kuwa tanga lilikuwa kubwa nililazimika kulifungua na kulifunga kila mkupuo ulipopita, na kazi hiyo ni ya mikono. Nikaanguka. Kila nikianguka maji yalipenya shingoni. Kuinuka kwa kuanzia majini, ambako nyumbani ni mchezo wa watoto, kulinichukua majaribio matatu. Mara ya nne nilikaa juu ya ubao kupumzika, na hapo ndipo nilipotumia meno.

Kuna mtaalamu wa Kanada, Gordon Giesbrecht, aliyetumia miaka mingi kutafiti miili ya watu katika maji baridi, na kanuni anayoifundisha ni ya moja, kumi, moja: dakika 1 ya kuitawala pumzi baada ya mshtuko, dakika 10 za mikono na miguu kukutii, na saa 1 kabla baridi haijakupotezea fahamu. Ni kanuni ya mtu aliyetumbukia bila suti kwenye maji ya baridi kali. Mwili wangu ulikuwa ndani ya suti. Mkono wangu wa kulia, tangu wakati ule, ulikuwa nje ya suti, na ukaifuata hesabu yake peke yake. Kwanza uliuma. Kisha uliacha kuuma, nikafurahi, na furaha hiyo ilikuwa ishara mbaya kupita zote. Nilipoinyanyua kamba ya kuinulia tanga, vidole havikufunga. Niliviangalia. Vilikuwa vyangu, lakini havikunitii.

Wakati huo huo mstari mweusi ulikuwa unakuja kutoka upande wa Norwe. Saa nane na dakika kumi. Ile hewa baridi ya saa tisa ilikuwa imewahi, kama alivyosema mzee wa winchi. Upepo ulikatika kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini, halafu ukapiga kutoka kaskazini-magharibi pamoja na mvua ya mawe. Shemeji alikuwa ameshatoka majini dakika chache kabla, akidhani niko nyuma yake.

Jambo lililonipotezea dakika nyingi zaidi halikuwa dharuba, ni ile sheria yangu ya Bamburi. Tangu nilipokaa kupumzika nilikuwa nangoja kurudishwa. Sikupiga makasia kwa mkono uliobaki, sikupunga, sikutazama nchi kavu kwa makini. Nilipotazama, paa jekundu nililokuwa nimeliweka alama halikuwa mbele yangu. Lilikuwa nyuma sana upande wa kulia. Nilikuwa nimechukuliwa kuelekea Hanstholm muda wote, sambamba na ufuko, nikiwa nimetulia kama abiria wa feri ya Likoni.

Nilifanya jambo moja sahihi, nalo si la akili yangu. Ufuko ulionekana karibu. Nilijiambia kwamba kwa suti hii inayoelea naweza kuacha ubao nikaogelea. Nikamkumbuka mjomba, ambaye hakuwahi kuiona Bahari ya Kaskazini lakini aliwahi kulala usiku mmoja juu ya ngalawa iliyopinduka: chombo kikikuasi, kishike hicho hicho kilichokuasi. Nikalala kifudifudi juu ya ubao, nikauingiza mkono wa kulia kwenye kanda ya miguu ili usiachie hata nikitaka. Tanga lilibaki limeungwa, kwa sababu sikuwa na vidole vya kulifungua, likawa linaburuta majini kama nanga ya nguo.

Na hapa kisa kina kejeli yake. Dharuba ile iliyoniogopesha ndiyo iliyonitoa. Kusini-magharibi ingenichukua hadi Hanstholm kwenye kuta za bandari, na giza lingenikuta njiani. Kaskazini-magharibi inavuma kuelekea nchi kavu. Baada ya nusu saa na ushei, mawimbi meupe yalinitupa kwenye mchanga, ubao ukanigonga mbavu, tanga likapasuka. Nilikuwa kilomita moja na nusu hivi kutoka tulipoegesha.

Nchi kavu

Ukanda ule umejaa maboma ya zege ya Wajerumani ya vita vya pili vya dunia. Pale Hanstholm walikuwa na mizinga minne ya sentimita 38 ya kuifunga njia ya Skagerrak, bahari iliyo kati ya Denmark na Norwe. Nilijikunyata nyuma ya boma mojawapo kukwepa upepo. Shemeji alikuwa ameshapiga 112, namba ya dharura. Alikuwa anaendesha polepole kwenye barabara ya pwani, simu sikioni, akitazama baharini, ndipo akaona kitambaa cha tanga kinapepea kwenye mchanga. Alikuwa bado anaongea nao. Akawaambia amepatikana.

Nilitetemeka kiasi kwamba meno yalikuwa yanapiga kelele. Kutetemeka ni dalili njema, anayeacha kutetemeka kabla hajapata joto ndiye wa kukimbizwa. Zipu sikuweza kuivuta. Alinivua suti kama anamchuna mbuzi, akanikausha, akanivika nguo kavu na kofia, akanilaza kiti cha nyuma, akakataza nisitembee. Nyumbani dada alikuwa ameshafungulia maji ya moto bafuni. Shemeji akamzuia, wakagombana kwa lugha mbili juu ya kichwa changu. Aliyekuwa sahihi ni shemeji. Mtu aliyepoa hivyo huendelea kupoa ndani hata baada ya kutoka majini, damu ya baridi ya mikono na miguu ikirudi kifuani, na maji ya moto au kusugua viungo huiharakisha. Joto liingie polepole, kifuani kwanza. Dada akarudi na chai ya maziwa yenye tangawizi na sukari nyingi. Niliinywa nikiwa nimekibana kikombe kwa viganja viwili, kwa sababu vidole havikukubali mpaka baada ya saa moja, na vilipokubali niliomba visingekubali.

Kosa lilikuwa wapi

Shemeji anasema kosa lilikuwa lake: asingetoka majini bila kuniona kwa macho. Kisha anaongeza kwamba kosa langu lilikuwa kuvua glavu, na hapo ndipo tunapobishana. Kwa hoja yake, mkono uliochoka bado ni mkono, wa baridi si mkono. Ningevumilia, ningelala juu ya ubao nikiwa nimevaa, ningekuwa na vidole vya kufungulia tanga na kupigia makasia.

Sikatai hesabu hiyo. Ila ukiitazama hali ya mtu yule aliyekaa kwenye ubao, kuvua glavu lilikuwa jambo la busara kwa ujuzi aliokuwa nao. Tatizo lilikuwa mikono iliyojaa, chanzo ni glavu, ondoa chanzo. Kwa maji ya nyuzi 27 ningepona papo hapo. Ukimlaumu kwa tendo hilo unamwachia yule wa kwenye gari aende zake, na huyo ndiye aliyechagua tanga lililohitaji mikono mara mbili na glavu zilizoinyang'anya nusu, akakataa dumu, akamdharau mzee. Baada ya hapo bahari ilikuwa inasubiri tu dakika ya kumi na tano ifike.

Yule mzee nilimwendea siku ya tatu, shemeji akitafsiri, kumuuliza alijuaje kuwa itawahi. Nilitarajia jambo la siri. Alisema tangu alfajiri mawimbi yalikuwa yanatoka kaskazini-magharibi chini ya yale ya kusini-magharibi, yakikatana, kwa hiyo upepo ulikuwa tayari huko nje na haukuwa mbali. Wavuvi wasio na bandari hujifunza kutazama hilo, kwa sababu wao wana sehemu moja tu ya kurudia, na ni kupitia kwenye mawimbi yanayovunjika. Kisha akauliza swali ambalo mimi na shemeji hatukuwa tumeulizana: mlikubaliana nani anamwangalia nani? Tulikuwa tumekubaliana saa ya kutoka tu.

Aprili nilirudi. Maji yalikuwa ya baridi zaidi, nyuzi 6, maana bahari hukawia kupoa na hukawia kupata joto. Lakini mchana ulikuwa mrefu na upepo mita 9 bila mikupuo ya maana. Nilifunga 4.7 pale ambapo moyo ulitaka 5.3. Tulipeana zamu: mmoja akiwa nje, mwingine amekaa juu ya kilima cha mchanga na simu mkononi. Inapunguza raha kwa nusu, na shemeji analalamika kuliko mimi. Kabla ya kuingia nilitafuta paa langu jekundu, halafu nikajiuliza kwa sauti kama mwendawazimu: nikiharibikiwa sasa hivi, nitafika wapi? Nikaelekeza kidole Hanstholm.

Glavu ya kushoto ilikuwa imebaki nzima, haina hata mkwaruzo. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikaa jikoni na mkasi wa dada nikawa naikata kiganjani, niipe jozi kwa ile moja nyekundu ya kulia ambayo shemeji aliiokota ufukweni mwaka juzi na hakuna aliyewahi kuja kuidai. Dada akaja akanisimamia mlangoni, akaniuliza kwa nini naharibu kitu kizima.